Dala, Hesabu na Mwendokasi: Msamiati wa Abiria kama Chanzo cha Historia ya Usafiri wa Mabasi Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya usafiri wa mabasi jijini Dar es Salaam tangu mwaka 1970 kupitia maneno ambayo abiria na wafanyakazi wa mabasi waliyabuni au kuyapa maana mpya. Hoja kuu ni kwamba maneno hayo yamehifadhi jambo ambalo nyaraka za mamlaka hulipitia juujuu, yaani uhusiano wa kazi baina ya mwenye gari na anayeliendesha. Neno linalochunguzwa kwa kina ni hesabu. Mifano ya Nairobi na Kampala inatumika pale inapofaa kulinganisha.

Utangulizi

Historia ya usafiri katika miji ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata nyaraka za serikali: tarehe za kuundwa na kuvunjwa kwa mashirika, masharti ya leseni, urefu wa barabara zilizojengwa na mikopo iliyozijenga. Nyaraka hizo ni za lazima, na makala hii inazitegemea kwa tarehe zake. Lakini zina upungufu mmoja: abiria huonekana ndani yake kama idadi, na kondakta huonekana kama kosa. Mtafiti wa lugha ana chanzo kingine, nacho ni maneno yenyewe.

Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika laki tatu katika sensa ya 1967. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3, na ile ya 2022 ikahesabu takriban milioni 5.38. Jiji lilipanuka kufuata barabara kuu nne zinazotoka katikati ya mji: ya Bagamoyo kuelekea kaskazini, ya Morogoro kuelekea magharibi, ya Pugu ambayo sasa inaitwa Nyerere, na ya Kilwa kuelekea kusini. Kwa kuwa barabara hizo zote zinakutana karibu na bandari, na za kukatiza baina yake ni chache, mkazi wa Gongo la Mboto mwenye kazi Mwenge hulazimika kuunganisha magari, na huenda akatumia asubuhi nzima ya kazi akiwa amesimama. Basi limekuwa mahali pa kuishi sehemu ya maisha, na mahali pa namna hiyo hapakosi lugha yake.

Ni vema kutahadhari. Neno la mitaani huzaliwa kwa mzaha, na maelezo ya asili yake mara nyingi hubuniwa baadaye. Kamusi ya lugha ya mitaani iliyotolewa na Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling mwaka 2006 inaonyesha jinsi msamiati huo unavyochezea maana kwa makusudi. Kwa hiyo hapa neno linachukuliwa kuwa ushahidi pale tu linapoweza kuwekwa sambamba na tarehe inayojulikana au na utaratibu wa kazi unaoeleweka.

Kumbakumba na foleni

Kampuni binafsi ya DMT, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ilitaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 shughuli zake ziligawanywa: safari za mikoani zikapewa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, iliyojulikana kama KAMATA, na safari za mjini zikapewa Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Kwa karibu miaka kumi UDA ndiyo pekee iliyokuwa na haki ya kubeba abiria mjini kwa nauli.

Katika kumbukumbu za wakazi wa makamo, UDA ya wakati huo ina jina moja linalotajwa kuliko mengine: kumbakumba. Hayo yalikuwa mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yenye kiungo kinachopinda katikati. Kukumba ni kuzoa vyote bila kuchagua, na kuirudia shina la kitenzi hicho kunaongeza picha ya wingi. Jina lina sifa na lawama kwa pamoja: basi linalobeba kila mtu, na basi linalobeba watu kama mzigo. Wabunifu wa jina hilo hawakutaja rangi ya basi, nchi lilikotoka wala shirika lenye basi. Walitaja kinachompata abiria.

Kisha mabasi yakapungua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni wa kununulia vipuri viliyaacha mengi yakiwa juu ya mawe gereji. Miaka hiyohiyo neno foleni lilitawala maisha ya mjini. Neno hilo, linalotokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange mstari, lilikuwa la watu waliosimama: foleni ya sukari, ya sabuni, ya unga, ya basi. Leo mkazi wa Dar es Salaam akisema amechelewa kwa sababu ya foleni, anamaanisha msongamano wa magari. Wa Nairobi, kwa maana hiyohiyo, husema jemu. Tofauti hii si ya bahati tu. Msamiati wa Dar es Salaam ulikuwa na neno la kungojea kwa pamoja, lililokomazwa na uhaba wa bidhaa; barabara zilipojaa, neno likahamia humo. Kilichokuwa haba miaka ya mwanzo ya 1980 kilikuwa bidhaa na basi, na kilichokuja kuwa haba baadaye kikawa nafasi barabarani.

Dala, tatu na mwewe

Mwaka 1983 ni mwaka wa ajabu katika historia hii. Serikali iliyokuwa na Edward Sokoine kama Waziri Mkuu iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria ya Nguvu Kazi iliyotungwa mwaka huo ililenga kuwaondoa mjini wale walioonekana hawana kazi halali. Mwaka huohuo watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria jijini kwa vibali vilivyopitia UDA yenyewe. Mkono mmoja ulikuwa ukiikamata biashara ya kujitafutia, na mwingine ukiipa kibali kwa sababu wafanyakazi walikuwa hawafiki kazini.

Jina la magari hayo, daladala, lilitokana na nauli. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na wapiga debe walikuwa wakiitangaza bei kwa kuirudia. Maelezo yanayosikika sana, kwamba dola moja ya Marekani wakati huo ilikuwa sawa na shilingi tano, hayawezi kuwa sahihi, kwani mwaka 1983 dola ilikuwa imeshapita shilingi 10 kwa bei rasmi. Asili yenye mantiki zaidi ni ya zamani. Uingereza kwenyewe, pauni ilipokuwa na thamani ya takriban dola nne, shilingi tano ziliitwa dola katika lugha ya mitaani, na shilingi ya Afrika Mashariki ya kikoloni ilikuwa na thamani sawa na ya Uingereza. Dala basi iko katika ukoo mmoja na thumni, jina la senti hamsini, ambalo nalo limebeba hesabu ya fedha za zamani ndani ya sarafu mpya.

Jambo linalopasa kuzingatiwa ni kwamba Nairobi nayo iliyaita magari yake kwa bei. Matatu linafungamanishwa na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, na lilikuwa limeenea wakati Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri ya mwaka 1973 iliyoyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Miji miwili yenye itikadi zilizopingana, ikitofautiana kwa miaka kumi, ilifikia uamuzi uleule wa kisera na ikautaja kwa namna ileile. Kampala ilichagua njia nyingine: kamunye, neno la Kiganda la mwewe, linasifu jinsi gari linavyomdaka abiria. Jina la bei halidumu na maana yake, kwani nauli ilipanda mara nyingi huku jina likibaki. Lakini linatuambia kuwa wasafiri wa 1973 na wa 1983 waliliona gari hilo, kwanza kabisa, kama kitu kinachodai fedha taslimu mlangoni.

Yalifuata majina mengine ambayo yanatosha kutajwa tu. Chai maharage yalikuwa magari ya mizigo ya wazi yaliyofungwa mabenchi, abiria wakitazamana kama wateja wa mgahawani. Vipanya vilikuwa Toyota Hiace, vidogo na vyepesi kupenya.

Hesabu

Majina ya magari huwavutia watafiti na waandishi wa habari kwa sababu yanachekesha. Neno lililo muhimu zaidi halichekeshi, na pengine ndiyo sababu limeandikwa kidogo sana katika isimu yetu. Neno hilo ni hesabu.

Katika daladala, hesabu ni kiasi cha fedha ambacho dereva na konda wanapaswa kumkabidhi mwenye gari kila siku. Kiasi hicho hupangwa mapema, kwa mapatano ya mdomo. Mafuta ni juu ya wafanyakazi, na mara nyingi faini za barabarani pia. Kinachosalia baada ya mafuta na hesabu ndicho ujira wa dereva, konda, na yeyote aliyewasaidia. Kisiposalia kitu, siku hiyo hapana ujira. Mwenye gari huitwa tajiri, hata akiwa mwalimu mstaafu aliyetumia kiinua mgongo chake kununua Hiace moja iliyochakaa. Neno tajiri hapa halielezi mali aliyonayo mtu. Linaeleza upande aliopo katika mapatano.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ambayo yangeweza kutumika: kodi, pango, fungu, malipo. Kodi lingekuwa sahihi zaidi kisheria, kwa kuwa mpango huo kwa hakika ni wa kukodisha gari kwa siku. Lakini anayekodi ana haki ya kuulizwa, na gari likimharibikia mikononi ana la kudai. Hesabu ni neno la mwanafunzi mbele ya mwalimu, la mtunza duka mbele ya mwenye duka, na katika lugha ya dini ni la kiumbe mbele ya Muumba wake Siku ya Hesabu. Humweka mtoaji katika hali ya kuulizwa na mpokeaji katika hali ya kuuliza. Waliolichagua neno hilo waliieleza hali yao kwa usahihi ambao mkataba wowote ungeshindwa kuufikia, hasa kwa kuwa mkataba haukuwapo.

Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa daladala, ameonyesha kwamba mpango huo ndio unaozaa mwendo wa hatari, kujaza kupita kiasi na saa ndefu za kazi, na kwamba wafanyakazi wenyewe walijaribu kuunda umoja wao, UWAMADAR, ili kudai mikataba. Ningependa kuongeza jambo moja ambalo lugha inalidhihirisha. Takriban kila neno la lawama katika usafiri wa Dar es Salaam linafafanuka mara moja likiwekwa kando ya hesabu.

Kukatisha ruti ni kugeuza gari kabla ya kituo cha mwisho, kwa sababu abiria wa upande wa pili ni wengi zaidi. Kutanua ni kuacha mstari wa magari na kupita pembeni mwa barabara. Mpiga debe hulipwa kwa kujaza gari upesi, kwa kuwa dakika za kungojea kituoni ni sehemu ya tripu. Mwanafunzi, ambaye hulipa nauli ndogo kwa amri ya mamlaka, hukataliwa mlangoni kwa sababu amri hiyo haikupunguza hesabu. Punguzo la mwanafunzi limewekwa juu ya mfuko wa konda, si wa tajiri wala wa serikali. Abiria nao wamejibu kwa neno lao: kugeuza na gari, yaani kupanda likiwa linaelekea mwisho wa safari, kulipa, na kukaa humo mpaka ligeuke, ili kupata siti. Msafiri hulipa nauli mbili kwa safari moja, na takwimu ya idadi ya abiria inamhesabu mara mbili.

Hapa ndipo foleni na hesabu zinapokutana. Tuchukue mfano wa kufikirika. Gari linakwenda tripu nane kwa siku. Mapato ya sita yanalipa mafuta na hesabu, na ya mbili ndiyo ujira. Msongamano ukizidi na tripu zikapungua hadi sita, mwenye gari hakupoteza kitu. Dereva na konda wamefanya kazi kutwa bila malipo, na mafuta huenda yameongezeka kwa kuwa injini imeunguruma barabarani pasipo kusogea. Hasara yote ya barabara iliyojaa imehamishiwa kwa watu wawili ambao hawakupanga barabara hiyo. Kesho yake watajaribu kuirudisha tripu iliyopotea kwa kutanua, na kwa kutanua watazidisha foleni.

Lugha ya mamlaka, kwa upande wake, imekuwa ya maadili. Kwa miongo kadhaa matangazo na maagizo yamezungumza juu ya nidhamu, ustaarabu, lugha chafu ya makondakta, sare na usafi. Sidharau sare wala usafi; abiria ana haki ya kuheshimiwa, na abiria wanawake wana mengi ya haki ya kulalamikia. Lakini sera inayozungumza juu ya tabia bila kutaja hesabu inamtaka konda awe mwema kwa gharama ya chakula chake cha jioni. SUMATRA, na baada yake LATRA iliyochukua nafasi yake mwaka 2019, zimedhibiti ruti, nauli na ubora wa gari. Kiasi cha hesabu kimebaki mapatano ya watu wawili kando ya gari.

Neno deiwaka linafunga mzunguko huu. Limetokana na Kiingereza, mfanyakazi wa kutwa, na humtaja anayeshika usukani au mlango kwa muda mwenye zamu akipumzika. Yeye hana mapatano hata ya mdomo na tajiri. Kwa tajiri, hayupo. Ajali ikitokea mikononi mwake, maswali ya bima na fidia huanza na mtu ambaye jina lake halimo popote.

Mwendokasi

Mei 2016 awamu ya kwanza ya mabasi yanayopita katika njia zake pekee ilianza kutoa huduma, ikiwa na njia za kilomita 20.9 baina ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Jina rasmi lilikuwa Mabasi Yaendayo Haraka. Wakazi walilikataa kwa urefu wake wakachukua mwendokasi.

Uteuzi huo una kejeli ambayo sijui kama ilikusudiwa. Kwa miaka mingi, katika taarifa za polisi na redio, mwendo kasi ulikuwa jina la kosa: ajali imetokea, chanzo ni mwendo kasi. Kosa ambalo hesabu ilikuwa ikilizalisha kila siku sasa likawa jina la mradi wa umma, na kwa maana ya sifa. Kilichobadilisha maana si kasi yenyewe, bali ni nani amepewa njia ya kupitia. Dereva wa daladala alitafuta nafasi pembeni mwa barabara akaitwa mkosaji. Dereva wa mwendokasi alijengewa nafasi katikati ya barabara. Huyu wa pili ana mshahara, wala hapeleki hesabu. Hilo ndilo badiliko kubwa la mradi huo kwa mtazamo wa makala hii, na ndilo lililotangazwa kidogo kuliko vituo na rangi ya mabasi.

Daladala ziliondolewa katika njia kuu ya Morogoro kupisha mabasi hayo. Pale mabasi mapya yalipokuwa machache kuliko wahitaji, na pale maji yalipojaa bonde la Jangwani na kusimamisha huduma, neno foleni lilirudi katika maana yake ya kwanza: mstari wa watu waliosimama kituoni wakingoja basi, kama miaka ya mwanzo ya 1980. Huko Mbagala, Tandika na Gongo la Mboto, ambako daladala zimeendelea kuwa tegemeo kwa miaka mingi baada ya 2016, hesabu imeendelea kukusanywa.

Washauri wa sera wa ukanda huu wanapokutana kuoanisha kanuni za uchukuzi, kazi ya istilahi hukabidhiwa kwetu mwishoni, baada ya maamuzi. Nadhani ingefaa ianze mapema, na ianze na maneno ya kazi kabla ya maneno ya vyombo. Ugumu wake si mdogo. Konda wa Dar es Salaam ni makanga wa Nairobi. Manamba, ambaye Nairobi ni mpiga debe wa matatu, katika historia ya Tanganyika ni kibarua wa mkonge aliyeajiriwa kwa namba na kusafirishwa mbali na kwao. Kanuni moja ikisomwa pande zote mbili za Namanga itawataja watu wawili tofauti. Deiwaka anakaribiana na yule ambaye Nairobi anaitwa skwodi, ila mipaka ya zamu na nani humlipa havilingani. Hesabu, kwa maana iliyoelezwa hapa, haina budi kuingia katika fomu ya maombi ya leseni kama swali lenye kujibiwa kwa tarakimu: mwenye chombo anadai kiasi gani kwa siku, na siku hiyo ina saa ngapi.